Mlima katikati ya shimo: kisa cha klabu ya sayansi mkoani Dodoma na kreta ya Gale

Kisa hiki ni cha kweli. Majina ya shule, ya kata na ya wahusika yameondolewa, na mambo mengine madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaacha nje. Walimu wawili waliohusika nitawaita kwa masomo yao: Mwalimu wa Jiografia na Mwalimu wa Fizikia. Mimi niliingia kama mwezeshaji, kwa mwaliko wa shule, kusaidia klabu yao ya sayansi ijiandae kwa maonesho. Nakiandika kwa ajili ya walimu wenzangu, maana nimekutana na tatizo hilihili katika shule nyingine na naamini linatibika.

Usuli

Shule ni ya kata, ya kutwa, katika mojawapo ya wilaya za Mkoa wa Dodoma. Mazingira yake anayeijua Dodoma atayatambua bila kutajiwa jina: mchanga mwekundu, mibuyu michache, vilima vya graniti vilivyosimama peke yake, na korongo linalopitisha maji siku chache tu za mwaka wakati wa mvua. Maabara ipo, ila vifaa ni haba. Projekta ya kuazima ilikuwepo, umeme haukuwa wa uhakika.

Wanaklabu wengi walikuwa wa Kidato cha Pili na cha Tatu. Walichagua kutengeneza kielelezo cha kreta ya Gale iliyoko Mirihi, kwa sababu ndiko lilikotua gari la utafiti la Curiosity la shirika la NASA mwezi Agosti 2012, na picha zake zinapatikana bure. Ni chaguo zuri. Gale ina upana wa kilomita 154 hivi, na iliundwa miaka takriban bilioni 3.5 hadi 3.8 iliyopita. Imepewa jina la Walter Frederick Gale, mfanyakazi wa benki wa Australia aliyependa kutazama sayari. Katikati yake umesimama mlima unaoitwa Aeolis Mons, ambao wanasayansi wengi huuita Mount Sharp, wenye kimo cha kilomita 5.5 hivi kutoka sakafuni. Kilimanjaro ina mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Huo mlima wa Gale unaikaribia, nao umo ndani ya shimo.

Hapo ndipo ugumu wote wa kisa hiki ulipo. Kijana wa Kitanzania akiambiwa kreta, akili yake inakwenda Ngorongoro. Ameisoma tangu shule ya msingi, na pengine ameiona kwenye kalenda iliyotundikwa sebuleni kwao. Na amefundishwa sawasawa kwamba Ngorongoro ni kaldera: volkano kubwa ilimwaga magma yake, paa lake likadidimia, ikabaki bakuli yenye upana wa karibu kilomita 20 na kina cha mita 600 hivi, kati ya miaka milioni mbili na tatu iliyopita. Sasa mwoneshe picha ya shimo la duara lenye mlima katikati. Atakwambia nini zaidi ya volkano?

Yaliyotokea

Nilipofika, kielelezo kilikuwa kimekamilika nusu. Wanafunzi walikuwa wamekanda udongo wa kichuguu juu ya ubao wa duara wenye upana wa mita 1.2, wakajenga ukingo pande zote, na katikati wakasimamisha mlima mkali wa sentimita 30 wenye tundu kileleni. Kutoka kwenye tundu hilo walichora mifereji ya rangi nyekundu ya mafuta ikiteremka hadi sakafuni. Lava. Kazi ya mikono ilikuwa safi kweli, na msichana aliyeongoza kundi alieleza kwa ufasaha jinsi volkano ya Gale ilivyolipuka.

Walimu walitofautiana papo hapo. Mwalimu wa Fizikia alitaka wanafunzi waambiwe ukweli mara moja, kwamba Gale ilichimbwa na asteroidi, yaani jiwe kubwa kutoka angani, tundu lizibwe na lava ifutwe, maana maonesho yalikuwa yamekaribia. Mwalimu wa Jiografia alihofia kwamba wakiambiwa tu, watabadili rangi bila kubadili mawazo. Alisema mbele yangu: "Mwenzangu, hawa hawajakosea kufikiri. Wametumia nilichowafundisha." Na alikuwa na hoja, kwa sababu Mirihi nayo ina kaldera zake. Juu ya Olympus Mons, volkano yenye kimo cha kilomita zaidi ya 20, kuna kaldera yenye upana wa kilomita 80 hivi. Hoja ya volkano haikuwa ya kipuuzi.

Walikubaliana kufanya jaribio. Karai la kuchanganyia zege lilijazwa mchanga mwekundu laini, juu yake likatandazwa tabaka jembamba la majivu ya jikoni. Wanafunzi wakaangusha gololi na kokoto kutoka kimo cha mita 2 hivi, wamesimama juu ya viti. Kila jiwe lilipogonga, liliacha bakuli dogo la duara lenye ukingo ulioinuka, na mchanga mwekundu wa chini ukaruka na kutua juu ya majivu ukiwa umechanua kama miale. Wanafunzi walishangilia. Mwalimu wa Fizikia akawaonesha kuwa kilichokuwa chini sasa kiko juu, na kwamba wanaochunguza kreta hutafuta hasa vifusi vya namna hiyo kuzunguka ukingo.

Kisha mvulana mmoja wa Kidato cha Pili akarusha gololi kwa mshazari, kwa nguvu. Ikachimba shimo refu kama la nyayo. Akarudia, likawa refu tena. Akauliza: "Mwalimu, mawe ya angani yanatoka pande zote, si ndiyo? Mbona basi mashimo yote ya Mirihi ni ya duara?" Msichana wa volkano akadaka hapohapo: kama ni mawe, mengi yangekuwa marefu, volkano ndiyo huchimba duara. Na tena, akaongeza, mashimo yetu ya kwenye karai hakuna hata moja lenye mlima katikati.

Darasa lilihamia upande wake. Jaribio lililoletwa kuondoa dhana ya volkano liliipa nguvu.

Umeme ulikatika na kipindi kikaishia hapo. Mwalimu wa Fizikia alitaka kulimaliza jambo asubuhi yake kwenye mstari, kwa tangazo. Tulimsihi asubiri. Katika kikao cha klabu kilichofuata aliwasimulia kuhusu Grove Karl Gilbert, mwanajiolojia wa Marekani wa karne ya 19. Gilbert alikwama palepale alipokwama mvulana wetu. Alikubali kwamba kreta za Mwezini zimechimbwa na mawe kutoka angani, lakini umbo lao la duara lilimsumbua, kwa sababu majaribio yake ya kurusha vitu kwa mshazari yalimpa mashimo marefu. Na kreta ya Arizona, yenye upana wa kilomita 1.2, ambayo leo tunajua kwa hakika ilichimbwa na kimondo, yeye aliichunguza mwaka 1891 na kuhitimisha kuwa ni mlipuko wa mvuke wa volkano. Niliwatazama wanafunzi wakati simulizi hiyo ikiendelea. Mvulana wa gololi alikaa wima.

Ndipo kijana wa Kidato cha Tatu aliyekuwa kimya muda wote akanyosha mkono. "Mwalimu, mjomba wangu anapasua mawe kwa baruti. Tundu la kuwekea baruti analitoboa hata kwa mshazari, ila shimo linalobaki chini ni la duara."

Mwalimu wa Fizikia hakuiacha ipite. Alitahadharisha kwanza kwamba kwenye ukuta wa mwamba baruti hutupa mawe upande ulio wazi, kwa hiyo mfano unafaa pale ardhi ilipo tambarare. Halafu akaenda ubaoni. Jiwe lililoachiwa kutoka mita 2 linafika chini kwa kasi ya mita 6 na kidogo kwa sekunde, na kila kilo yake hubeba nishati mwendo ya jouli kama 20. Asteroidi inayogonga Mirihi huja kwa kasi ya kilomita 10 hivi kwa sekunde, yaani mita 10,000. Wanafunzi wakapiga hesabu wenyewe kwa kanuni wanayoijua, nusu ya tungamo mara kasi kwa kipeo cha pili. Kila kilo: jouli milioni 50. Kilo moja ya TNT, kilipuzi kinachotumika kama kipimo cha milipuko, ikilipuka hutoa jouli milioni 4.2 hivi.

"Kwa hiyo kila kilo ya jiwe ni kama kilo 12 za baruti," alisema yule wa mjomba.

Hapo jambo likafunguka. Kwa kasi hiyo jiwe halichimbi kama jembe. Linasimama ghafla, nishati yake yote inageuka joto na wimbi la mgandamizo linalosambaa pande zote, na shimo linalobaki ni la mlipuko. Mwelekeo wa kuja hauachi alama kubwa, isipokuwa jiwe likija limelala kabisa karibu na ardhi. Ndiyo maana mwanajiolojia wa Marekani Eugene Shoemaker alifananisha kreta ya Arizona na mashimo yaliyoachwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia huko Nevada. Na mwaka 1960 yeye na wenzake walitangaza kwamba ndani ya kreta hiyo mna koesaiti, aina ya silika inayohitaji shinikizo kubwa mno kutengenezwa, shinikizo ambalo volkano haiwezi kulitoa pale juu ya ardhi.

Swali la duara likawa limejibiwa. Swali la mlima lilibaki, na msichana hakuliachia. Mwalimu wa Jiografia alilichukua yeye. Alieleza kwamba kreta ndogo huwa bakuli tupu, lakini kubwa huota kilele katikati, kwa sababu mwamba ulioshindiliwa kwa ghafla hurudi juu. Msichana akauliza kama basi mlima wa Gale ni huo. Si huo peke yake: kilele cha Mount Sharp kinapita kimo cha ukingo wa kaskazini wa kreta, na mwamba unaorudi juu haufiki huko. Kwa hiyo kuna kitu kingine kilichoujenga. Badala ya kukitaja, mwalimu akawapeleka korongoni.

Korongo liko mwendo mfupi nyuma ya uwanja. Mvua za masika zilikuwa zimeisha, sakafu ilikuwa kavu. Ukuta wake, uliokatwa wima na maji, ulionesha matabaka: mchanga mwekundu, chini yake mkanda wa kokoto, chini tena udongo laini wa kijivu, halafu kokoto nyingine. Mwanafunzi mmoja alichomoa kokoto na kuizungusha kiganjani. Ilikuwa laini, pembe zote zimelika. Mwingine alibandua kipande cha tope lililopasukapasuka sakafuni, kimejikunja kingo zake kama sahani. Mwalimu akatoa picha alizozichapisha. Picha ya kwanza: kokoto za mviringo zilizoshikamana mwambani, zilizopigwa na Curiosity ndani ya Gale mwezi Septemba 2012. Ya pili: mwamba wenye nyufa zilizokutana kwa pembe, alama za tope lililokauka zamani mno. Ya tatu: mteremko wa Mount Sharp wenyewe, matabaka juu ya matabaka.

Hakuna aliyetaja volkano. Lakini mvulana wa gololi, ambaye nadhani atafika mbali, akasema lava nayo inaweza kulala matabaka. Mwalimu alimpongeza mbele ya wote, akasema ndivyo ilivyo, matabaka peke yake hayatoshi. Kilichoamua ni vitu vilivyomo ndani yake: madini ya mfinyanzi yanayohitaji maji ili yaumbike, kokoto zilizoviringishwa na mkondo, na mishipa myeupe ya kalsiamu salfeti iliyojaza nyufa. Akainua chaki aliyokuwa ameisahau mfukoni. Chaki nyingi za ubaoni ni jasi, ambayo ni kalsiamu salfeti yenye maji ndani yake, na jasi inachimbwa Itigi, jirani zetu wa Mkoa wa Singida. Maji yenye chumvi yakipita kwenye nyufa na kuziacha, jasi hubaki.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, na kwangu ndio mkubwa, ulikuwa kutokivunja kielelezo cha mwanzo. Mwalimu wa Jiografia alikiweka kando, akawaambia kundi litengeneze cha pili karibu yake. Alitaka kila aliyehusika aweze kuonesha alitoka wapi, na alijua wanafunzi waliofanya kazi safi wakivunjiwa mbele ya wenzao hawatanyosha mkono tena.

Pili, majivu badala ya unga. Maelekezo mengi ya jaribio hili husema tumia unga. Mwalimu wa Fizikia alikataa tangu mwanzo: wanafunzi wengine hufika shuleni bila kifungua kinywa, na katika mkoa unaojua mwaka wa njaa ni nini, kumwaga unga mchangani kwa ajili ya maonesho kungewaumiza wazazi. Majivu ya jikoni yalifanya kazi vizuri pengine kuliko unga, kwa kuwa rangi yake iliachana wazi na mchanga mwekundu.

Tatu, kuliacha tokeo la gololi ya mshazari likae bila kujibiwa hadi kikao kingine. Hapa walimu walivutana zaidi. Hofu ya Mwalimu wa Fizikia ilikuwa ya haki: mwanafunzi anaweza kuondoka na kosa na asirudi. Kilichomshawishi ni kwamba mvulana alikuwa ameona kitu cha kweli, kwa macho yake, mara zaidi ya moja. Kumjibu haraka kungemfundisha kwamba macho yake hayaaminiki, na jibu lenyewe linahitaji hesabu ya nishati ambayo haipigwi gizani umeme ukiwa umekatika.

Nne, korongo badala ya video. Projekta ilikuwepo. Lakini picha ya mwamba wa Mirihi haisemi kitu kwa mtu ambaye hajawahi kushika mkanda wa kokoto kwenye ukuta wa korongo.

Matokeo

Kielelezo cha pili kilikuwa na ukingo mpana, vifusi vilivyotandazwa nje yake, na mlima wa matabaka ya udongo wa rangi tatu tofauti bila tundu kileleni. Pia walichora ramani. Mwalimu wa Jiografia aliweka ncha ya bikari Dodoma mjini, akaifungua kwa kipimo cha kilomita 77, akazungusha: Bahi, Chamwino na Hombolo zote ndani, mstari ukapita karibu na Kongwa, Mpwapwa ikabaki nje kidogo na Manyoni nje zaidi. Ramani hiyo ndiyo iliyovuta watu wengi kwenye maonesho. Wazee wawili walisimama pale kwa muda mrefu wakitafuta vijiji vyao ndani ya duara. Mwanafunzi mwingine aligundua mwenyewe kwamba Gale iko nyuzi 5 na kidogo kusini mwa ikweta ya Mirihi, na Dodoma nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta yetu. Akaiandika kwa herufi kubwa chini ya ramani.

Baada ya maonesho, walimu walitoa zoezi: picha za juu zisizo na majina, za Ngorongoro, Gale, kreta ya Arizona, kaldera ya Olympus Mons, na ziwa Bosumtwi la Ghana. Swali halikuwa kutaja ni ipi. Liliuliza, ungepewa nafasi ya kufika pale, ungetafuta nini ardhini ili ujue? Wengi waliandika mambo ya maana: vifusi nje ya ukingo, miamba ya lava, madini ya shinikizo kubwa. Bosumtwi iliwagawanya. Ni ziwa la duara kamili karibu na Kumasi, katika kreta yenye upana wa kilomita 10 na nusu iliyochimbwa na kimondo miaka milioni moja na kidogo iliyopita. Wachache walibaki na volkano kwa kila picha, mmoja wao akiwa miongoni mwa waliopiga hesabu ya jouli milioni 50 bila kukosea.

Uchambuzi: kilichofaa

Kuanzia Ngorongoro kulifaa. Najua wapo walimu wanaoona afadhali kuikwepa ili isichanganye, lakini haikwepeki. Iko kichwani mwa mwanafunzi kabla hujafungua mdomo. Mwalimu wa Jiografia aliiweka mezani, akaiuliza inaacha alama gani ambazo Gale haina. Huko ndiko kufikiri kijiolojia. Umbo la duara na mlima katikati vinaweza kutokea kwa njia zaidi ya moja. Kinachotenganisha njia hizo kiko kwenye miamba, na mwanafunzi akishajua hivyo anaacha kubahatisha kwa kutazama picha tu.

Kilichofaa pia ni kwamba walimu wa masomo mawili walikuwa chumba kimoja. Swali la duara lilikuwa la nishati, la mlima lilikuwa la mashapo, yaani mchanga na tope vinavyotuama tabaka kwa tabaka. Yeyote kati yao akiwa peke yake angejibu nusu, na nusu ile nyingine ndiyo ingebaki kuwa volkano.

Na yule kijana wa mjomba. Shule zetu za kata zimejaa watoto wa wachoma matofali, wapasua kokoto, wachimba visima. Wanajua mambo ya ardhi ambayo kitabu hakina, na mara nyingi hawayasemi kwa sababu hakuna aliyewauliza. Mwalimu wa Fizikia aliisikiliza habari ya baruti, akaipima, akaiwekea mipaka yake, kisha akaijengea hesabu. Sijaona mfano mzuri zaidi wa jinsi ya kupokea ujuzi wa nyumbani darasani.

Uchambuzi: kilichokwama

Jaribio la karai lilitolewa bila kuelezwa linafaa wapi na linakoma wapi. Linaonesha vizuri vifusi na ukingo. Halioneshi umbo la shimo la gololi ya mshazari kama lingekuwa kwa kasi halisi, wala haliwezi kuotesha kilele cha katikati. Maneno hayo mawili yangesemwa kabla ya gololi ya kwanza, swali la mvulana lingekuja kama hatua inayofuata na darasa lisingeyumba. Anayetaka kulitumia jaribio hili ayaandike ubaoni kwanza.

Chanzo cha dhana ya volkano hakikuwa Ngorongoro peke yake, na hili halikugunduliwa hadi mwishoni. Ubao wa mita 1.2 ukisimama badala ya kilomita 154, kila kilomita ni milimita 8 hivi. Mlima wa kilomita 5.5 unapaswa kuwa na kimo cha sentimita 4 na kidogo. Wao waliujenga wa sentimita 30, mara saba ya kipimo chake. Kwa urefu huo mteremko unakuwa mkali kama wa Oldonyo Lengai, na mkono wenyewe unatamani kuweka tundu juu. Picha nyingi za kompyuta zinazozunguka mitandaoni nazo zimenyoosha kimo ili mlima uonekane, na mara nyingi hazisemi. Kielelezo cha pili kilipunguzwa hadi sentimita 4, na wageni kadhaa walilalamika kwamba mlima hauonekani. Wanafunzi walikuwa na jibu la vipimo tayari, lakini wasimamizi wa maonesho walitumia muda mwingi zaidi kwenye kile kirefu chenye lava.

Kubwa lililokwama ni muda. Kielelezo kimoja kilionesha kwa pamoja mambo yaliyotengana mno: shimo lililochimbwa kwa dakika chache, maji na mashapo yaliyolijaza kwa zama ndefu sana, na upepo uliokula mashapo hayo kutoka pembeni kuelekea katikati hadi ukaacha mlima. Wanasayansi wenyewe bado wanajadiliana ni sehemu gani ya mlima ilijengwa na ziwa na ipi na vumbi la upepo. Curiosity, iliyofika chini yake mwaka 2014, imekuwa ikiupanda tabaka kwa tabaka. Kwenye maonesho nilimsikia mwanafunzi akimweleza mgeni kwamba asteroidi ilikuja na maji yake na ikaacha mlima siku hiyohiyo. Alieleza kwa kujiamini, na kila kitu alichokionesha kwa kidole kilikuwepo kweli pale ubaoni.

Mpango wa walimu kwa kundi linalofuata ni makarai matatu yakiwa yamepangwa kwa mstari. La kwanza litapigwa jiwe na kuachwa hivyo. La pili litakuwa na shimo lililojazwa matabaka ya mchanga, majivu na udongo wa kijivu wa korongoni, yakimwagiwa maji na kuachwa yatulie kila moja kabla ya jingine. La tatu litajazwa vivyo hivyo, kisha wanafunzi watapuliza kwa mrija kuzunguka ukingo, polepole, hadi kibaki kilima katikati. Chini ya kila karai kutakuwa na kadi ya umri wake, na kati ya karai na karai mwanafunzi atalazimika kutembea.